"Mfumo Umekataa": Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kigoma Kuhusu Maamuzi ya Kompyuta

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Kigoma mjini. Maswali haya yanatoka kwa watu wanaofika kwenye meza yetu Mwanga, kwa wachuuzi wa dagaa wa Kibirizi, na kwenye mikutano ya vijiji Kasulu, Uvinza na Buhigwe. Wengi huanza kwa maneno yale yale: "Nimeambiwa mfumo umekataa." Hilo si jibu. Nitaeleza namna ya kudai jibu lenyewe kwa sheria tuliyonayo, na pale ambapo sheria imepungua nitasema imepungua wapi.

Mfumo unaoamua ni upi hasa?

Ni programu yoyote inayopokea taarifa zako, ikazipitisha kwenye kanuni iliyotungwa mapema, kisha ikatoa jibu linalogusa maisha yako. Upewe mkopo au unyimwe. Kaya yako ibaki kwenye orodha au itolewe. Maombi yako ya kazi yaende mbele au yaishie hapo hapo. Si lazima iwe akili mnemba. Jedwali la kawaida lenye sharti moja tu, kwamba asiye na tarehe kamili ya kuzaliwa akataliwe, linatosha kumfungia mlango bibi aliyezaliwa nyumbani kule Heru Juu na ambaye hakuna aliyeandika siku hiyo.

Kompyuta haina ndugu wala kabila. Si afadhali iamue yenyewe kuliko afisa mwenye upendeleo?

Hoja hii naisikia kila wiki, na siipuuzi. Watu wamechoka kuombwa hela ya soda ili faili lisogee, na mashine haiombi soda. Mfumo uliotungwa vizuri unaweza kweli kumsaidia mnyonge.

Ila kanuni iliyomo ndani ya mashine imeandikwa na mtu, na taarifa inazojifunzia zimetokana na kumbukumbu za watu. Kama zamani wanawake walinyimwa mikopo, kumbukumbu zitaonyesha wanawake hawakopi, na mashine itaendelea pale pale. Kuna tofauti nyingine nzito zaidi. Afisa mmoja mwenye chuki anaumiza waliopita dirishani kwake. Kanuni yenye kasoro inaumiza nchi nzima siku moja, na kila aliyeumia anadhani ni yeye peke yake.

Uingereza mwaka 2020 mitihani ya sekondari ilifutwa kwa sababu ya UVIKO-19, na alama zikatolewa kwa kanuni iliyotazama, pamoja na mengine, matokeo ya miaka ya nyuma ya shule husika. Mwanafunzi hodari katika shule iliyozoea kufanya vibaya akavutwa chini na waliomtangulia. Takriban alama nne katika kila kumi zilishushwa kuliko walimu walivyokadiria. Vijana waliingia barabarani, na tarehe 17 Agosti 2020 serikali ikaachana na kanuni hiyo. Nikisoma habari ile huwa nafikiria shule zetu za kata, na binti anayefanya vizuri katika shule ambayo haijawahi kumpeleka mtu kidato cha tano.

Simu ilikuwa inanikopesha vizuri. Tangu ziwa lilipofungwa inasema sina sifa. Nimekosa nini?

Huenda hujakosa lolote.

Mikopo ya simu ilienea nchini baada ya M-Pawa, huduma ya kuweka akiba na kukopa kwa simu, kuzinduliwa mwaka 2014. Hakuna anayekuja kuona kichanja chako cha dagaa. Programu inatazama laini yako ina umri gani, unaweka vocha mara ngapi, fedha kiasi gani inaingia na kutoka, na deni la nyuma ulilipa kwa wakati au ulichelewa. Inakupa alama, na hiyo alama ndiyo inayosema shilingi 30,000 au sifuri.

Sasa tazama maisha ya Kibirizi na Katonga. Dagaa huvuliwa giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika, na fedha kwenye simu inapumzika nayo. Juu ya hayo, mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisitishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mama aliyekuwa akipokea na kutuma fedha kila siku anakaa miezi mitatu laini imepoa. Kwa mtu aliyetunga kanuni akiwa hajui giza na mbalamwezi, huyo mama amefilisika. Ukweli ni kwamba ametii sheria. Jirani zetu wa Tabora wanaijua hali hii kwa njia yao: mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge hupata fedha kwa msimu, kisha simu inanyamaza mpaka masoko yafunguliwe tena.

Kasoro hapa ni kupima kipato cha msimu kwa kipimo cha mshahara. Australia, serikali yenyewe iliifanya kasoro hiyo. Kwenye mpango uliokuja kujulikana kama Robodebt, mapato ya mtu ya mwaka yaligawanywa sawasawa kwa kila wiki mbili, kisha mtu akaandikiwa deni kana kwamba alipokea msaada wa serikali asiostahili. Mwenye kibarua cha miezi michache alionekana kama aliyefanya kazi mwaka mzima. Ikawa ni yeye wa kuthibitisha kwamba hadaiwi, tena kwa hati za malipo za miaka iliyopita. Julai 2023 Tume ya Kifalme iliyouchunguza mpango huo ilisema haukuwa wa haki wala wa kisheria, na serikali ilikuwa imeshalazimika kurudisha fedha za watu.

Unachoweza kufanya leo: mwandikie mtoa huduma umuulize ana taarifa zipi kukuhusu na sababu kuu ya kukataliwa. Omba pia ripoti yako kwenye kampuni zenye leseni ya Benki Kuu zinazotunza historia za wakopaji, kwa sababu mara nyingine kuna deni dogo la zamani ambalo ulilipa na halikufutwa. Na kama laini yako imesajiliwa kwa jina la kaka au mume, jua kwamba historia yote unayoijenga inahesabiwa kwake.

Kuna sheria yoyote inayohusu jambo hili, au tunalalamika tu?

Ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inazibana taasisi za umma na kampuni binafsi pia. Kifungu cha 33 kinakupa haki ya kujua taarifa zako zilizoko mikononi mwa anayezikusanya. Kifungu cha 36 ndicho hasa tunachokihitaji: unaweza kumtaka anayetumia taarifa zako ahakikishe kwamba uamuzi unaokuathiri kwa kiasi kikubwa hautegemei mashine peke yake. Na kama umeshafanywa na mashine, akujulishe hivyo, nawe unaweza kudai uangaliwe upya.

Msimamizi wa sheria hiyo ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024.

Juu ya sheria hiyo ipo Katiba. Ibara ya 13(6)(a) inasema haki za mtu zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine, mtu huyo apewe nafasi ya kusikilizwa kikamilifu na haki ya kukata rufaa. Iliandikwa kabla ya simu za mkononi, lakini sioni popote inaposema haki hiyo inakoma chombo kikinunua kompyuta.

Nchi jirani wana kifungu cha namna hiyo pia: Kenya kiko katika kifungu cha 35 cha Sheria yao ya Ulinzi wa Data ya 2019. Na Mkataba wa Malabo wa Umoja wa Afrika, uliopitishwa 2014 na kuanza kufanya kazi Juni 2023, unaweka msimamo huo huo kwa nchi za Afrika zilizouridhia.

Wananiambia uamuzi haukufanywa na mashine kwa sababu kuna afisa aliyeuidhinisha. Nimeshindwa hapo?

Swali hili ndilo moyo wa mambo yote haya, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Sheria inazungumzia uamuzi unaotegemea mashine peke yake. Hapo ndipo taasisi zinapojificha. Wanaweka kijana mbele ya kompyuta, mfumo unaleta majina mia tatu yenye rangi nyekundu na kijani, naye anabonyeza "thibitisha" mpaka mkono unachoka. Hajafungua faili hata moja. Ukimuuliza kwa nini fulani ana nyekundu, hajui, na hata angejua hana mamlaka ya kuigeuza kuwa kijani. Kwenye karatasi, binadamu amehusika.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikutana na mchezo huu tarehe 7 Desemba 2023. Mtu Ujerumani alinyimwa mkopo kwa sababu ya alama iliyotolewa na kampuni ya SCHUFA. Kampuni ikajitetea kwamba wao wanatoa alama tu, anayeamua ni benki. Mahakama ikasema kama benki inaitegemea alama hiyo kwa kiasi kikubwa, basi kutoa alama kwenyewe ni kuamua. Hukumu hiyo haitufungi sisi, lakini hoja yake inaweza kusimama popote, na sioni kwa nini wakili wa Kigoma asiisimamishe.

Mimi nina vipimo vitatu, navitumia ninapoongozana na mtu ofisini. Je, huyo afisa aliyaona maelezo yangu au aliona matokeo tu? Anaweza kueleza sababu kwa maneno yake? Ana mamlaka ya kutengua, na amewahi kutengua? Majibu yakiwa hapana mara tatu, naandika kwenye barua kwamba uamuzi ulifanywa na mashine peke yake, na nawaachia wao kazi ya kuthibitisha vinginevyo.

Kwenye TASAF, kaya maskini huchaguliwa na mkutano wa kijiji au na kompyuta?

Vyote viwili. Katika mpango wa kunusuru kaya maskini, majina hutajwa kwenye mkutano wa kijiji, kisha kaya hujaziwa dodoso: mko wangapi, nyumba imeezekwa kwa nini, mna mifugo gani. Majibu hupitishwa kwenye kanuni inayokadiria hali ya kaya, halafu orodha hurudi kijijini kuthibitishwa.

Kusema kweli, mpangilio huu wa mkutano mbele na mkutano nyuma naupenda kuliko mifumo mingi ninayoiona, kwa sababu kijiji kinapata nafasi ya kusema "huyu mmemsahau." Tatizo ni kwamba mkutano hauambiwi uzito wa kila jibu. Watu hawajui kama bati alilojengewa bibi na mwanawe aliyeko Dar es Salaam limemfanya aonekane tajiri. Kama una shaka, usisubiri orodha ibandikwe. Simama kwenye mkutano wa uthibitisho, taja kaya kwa jina, taka hoja yako iandikwe kwenye muhtasari, na mwombe mtendaji wa kijiji akusomee kilichoandikwa.

Vidole vyangu havisomi kwenye mashine. Nifanyeje?

Usikubali kuondoka na jibu la "havisomi" peke yake.

Nimesimama kwenye foleni na akina mama wanaoanika dagaa. Mama anaweka kidole gumba, taa inawaka nyekundu. Anakipangusa kwenye kitenge, anarudia, nyekundu. Anaambiwa akanawe kwa sabuni, anarudi, nyekundu. Chumvi, mchanga, jembe na miaka vimelainisha mistari ya vidole vyake. Hilo linajulikana kitaalamu kwa wazee na kwa wanaofanya kazi za mikono, kwa hiyo aliyenunua mashine alipaswa kujiuliza kabla ya kuileta kwenye mkoa wa wavuvi na wakulima.

Tangu laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zianze kuzimwa Januari 2020, kidole ndicho kinachobeba simu yako, na simu inabeba fedha yako. Dai vidole vingine vijaribiwe, vyote kumi. Vikishindikana, dai njia mbadala kwa maandishi, na andika tarehe, saa na ofisi uliyokwenda. Njia mbadala si fadhila ya mhudumu. Ingekuwa kazi yangu kutunga kanuni, kila mfumo unaotumia vidole ungelazimika kuwa na njia ya pili kabla haujawashwa.

Jina langu ni la Kiha. Kila nikiomba kitu naambiwa taarifa "zinahakikiwa". Mfumo unaweza kubagua kwa jina?

Unaweza, na haya ndiyo yananinyima usingizi kuliko mengine yote.

Kiha na Kirundi ni lugha ndugu. Majina yanayoanza na Nta- au Bi- yapo Manyovu na yapo ng'ambo ya mpaka. Bibi alizaliwa upande mmoja, akaolewa upande wa pili, wakati hakuna aliyejali jiwe la mpaka liko wapi. Suala la watu wa Kigoma kuhojiwa uraia limezungumzwa kwa miaka mingi, hadi bungeni. Tabora nako, Ulyankulu, kuna waliokuja kama wakimbizi kutoka Burundi mwaka 1972, wakapewa uraia wa Tanzania kisheria, na watoto wao hawajui nyumbani pengine.

Sasa fikiria mtu anatengeneza mfumo wa kutambua maombi "yenye shaka" na anaulisha kumbukumbu za nyuma. Kumbukumbu zinaonyesha watu wa Buhigwe, Kasulu na Kibondo walihojiwa sana. Mashine haijui walihojiwa kwa sababu ya jina na mahali. Inachojifunza ni kwamba jina hili na wilaya hii ni alama ya hatari, na kuanzia hapo kila mwenye jina hilo anacheleweshwa, na ucheleweshaji wenyewe unaongezwa kwenye kumbukumbu. Hakuna aliyeandika neno kabila popote.

Uholanzi waliyaona. Mamlaka yao ya kodi ilitumia mfumo wa kupima hatari kwenye posho za malezi ya watoto, na kutokuwa raia wa Uholanzi kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyompandishia mtu alama ya hatari. Maelfu ya familia waliitwa walaghai, wakadaiwa fedha zote, wengine wakapoteza nyumba na ndoa. Serikali ya Waziri Mkuu Mark Rutte ilijiuzulu tarehe 15 Januari 2021, na Desemba mwaka huo mamlaka ya ulinzi wa data ikaitoza mamlaka ya kodi faini ya euro milioni 2.75. Wenzetu wale wana mahakama, magazeti na mawakili kila mtaa, na bado ilichukua miaka mingi kuaminiwa kwa mama mmoja mmoja aliyekuwa anasema sijaiba.

Ukihisi jina au mahali ulipozaliwa ndiyo sababu, andika swali moja kwa moja: je, jina, kabila, lugha au wilaya yangu ni sehemu ya vigezo? Wakijibu hapana, waulize kama wamewahi kupima matokeo kwa wilaya. Kwa taasisi ya umma, raia anaweza kuuliza hilo kupitia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa mtoa taarifa siku zisizozidi 30 kujibu.

Mimi ni mpangaji. Kwa nini kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU yangu?

Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukusanywa kupitia mita za umeme. Mita haijui nani ni mpangaji. Kodi ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo tunza risiti za manunuzi, mwonyeshe, mkubaliane akupunguzie kwenye pango. Kama nyumba moja ina mita zaidi ya moja na zote zinakatwa, mwenye nyumba apeleke namba za mita zote kwenye ofisi ya kodi.

Nilikopa kwenye programu ya simu. Nilipochelewa, ndugu na wateja wangu wote walitumiwa ujumbe wa kunidhalilisha. Hilo nalo ni uamuzi wa mashine?

Sehemu kubwa ndiyo: programu ilichukua orodha yako ya majina siku uliyoipakua, na ujumbe unatoka wenyewe siku ikifika. Ni kausha damu iliyohamia kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila kibali. Kabla ya kukopa, hakikisha mkopeshaji ana leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Kama umeshadhalilishwa, piga picha ujumbe wote, hata ule waliotumiwa wengine, kisha lalamika Benki Kuu na kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Deni halihalalishi kuanika taarifa zako.

Udhibiti si utaua ubunifu? Vijana wetu wanatengeneza programu, mnataka kuwawekea vikwazo.

Vijana hao nawafahamu na nawatakia mema. Lakini tujifunze gharama ya kutodhibiti. Shirika la Posta la Uingereza lilitumia mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu. Mfumo ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Mahakama zilianza na dhana kwamba kompyuta iko sahihi. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya mameneja 900 wa posta ndogo walitiwa hatiani, wengine wakafungwa, na Bunge lililazimika kutunga sheria Mei 2024 kufuta hatia hizo kwa mkupuo. Hebu weka mahali pao mawakala wa fedha za simu pale Mwanga sokoni, wenye kibanda na mtaji wa kuungaunga, mashine ikisema una upungufu wa milioni mbili. Nani ataaminiwa?

Kijana mwenye programu nzuri hapati hasara akitakiwa kueleza inavyoamua. Anayepata hasara ni yule ambaye hawezi kueleza.

Mngependa sheria iongeze nini?

Kwanza, ukubwa wa masharti ulingane na ukubwa wa madhara. Kanada wana agizo la serikali la mwaka 2019 linalotaka wizara zijaze dodoso la athari kabla ya kutumia mfumo wa kuamua, na mfumo unapangwa kwenye ngazi moja kati ya nne. Wa chini unaachwa uendeshwe kwa wepesi. Wa juu hauwezi kutoa uamuzi wa mwisho bila binadamu. Umoja wa Ulaya nao, kwa Sheria ya Akili Mnemba iliyoanza Agosti 2024, umepiga marufuku matumizi machache kabisa na kuyawekea mengine masharti makali, mikopo na ajira zikiwemo. Sidhani tunapaswa kunakili ya Ulaya nzima nzima. Tungeishia na makabati ya fomu na hakuna wa kuzisoma. Dodoso la Kanada ni jepesi na halmashauri inaweza kulijaza.

Pili, sababu ya kukataliwa itolewe papo hapo, kwa Kiswahili, kwenye ujumbe ule ule wa simu. Kama mashine inaweza kutuma "Samahani, huna sifa," inaweza pia kutuma "Laini yako haijaingiza fedha kwa siku 60."

Tatu, na hapa sitarudi nyuma: mtu mwenye mamlaka ya kutengua awepo wilayani. Haki ya kuomba uamuzi uangaliwe upya haimfikii mkulima wa Kakonko ikiwa mwenye ufunguo yuko Dodoma au nje ya nchi na namba ya huduma kwa wateja inapiga muziki. Halmashauri zina maafisa maendeleo ya jamii na watendaji wa kata. Wapewe mamlaka ya kusimamisha uamuzi wa mfumo mpaka uchunguzwe.

Nne, asilazimike mnyonge kuthibitisha kwamba mashine imekosea. Aliyeileta ndiye athibitishe kwamba imepatia.

Haya yanawahusu wakimbizi wa Nyarugusu na Nduta?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inamlinda mhusika wa taarifa, si raia peke yake. Lakini mashirika ya Umoja wa Mataifa yana kinga ya kisheria na yanafuata sera zao za ndani za ulinzi wa taarifa. Mkimbizi aanze na dawati la malalamiko la kambi.

Ni lazima niwe na wakili?

Hapana. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na msaada wetu kwa wasio na uwezo ni bure.

Barua yenyewe inaandikwaje?

Hivi, na unaweza kuinakili kwa mkono:

Kwa Meneja,
(jina la taasisi)

YAH: OMBI LA KUANGALIWA UPYA UAMUZI ULIOFANYWA NA MFUMO

Tarehe … niliomba … Tarehe … nilijibiwa kwamba sikukubaliwa. Sikupewa sababu. Uamuzi huu umeniathiri kwa namna ifuatayo: …

Kwa mujibu wa vifungu vya 33 na 36 vya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, naomba:
(a) nijulishwe kama uamuzi ulifanywa na mashine peke yake;
(b) nipewe taarifa zangu zilizotumika na mlikozipata;
(c) nielezwe sababu kuu kwa Kiswahili;
(d) uamuzi uangaliwe upya na mtu mwenye mamlaka ya kuubadilisha, na nitajiwe cheo chake.

Naomba majibu kwa maandishi.

Jina, sahihi au alama ya dole gumba, namba ya simu.

Kuwa tayari kuambiwa kwamba kifungu cha 36 hakiwahusu. Kina hali kinazoziacha nje, hasa mambo ya mkataba na yale yanayoruhusiwa na sheria nyingine. Wakisema hivyo, waombe waandike ni hali ipi.

Nimepeleka barua, wamekaa kimya. Nini kinafuata?

Peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ukiambatanisha nakala ya barua. Kama ni jambo la mkopo au benki, peleka pia kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu, baada ya kuonyesha kwamba ulianza na mtoa huduma mwenyewe. Kama ni ofisi ya umma, ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Mara nyingi malalamiko hukwama kwa kukosa ushahidi hata pale sheria inapotosha. Kwa hiyo siku unayopeleka barua, nenda na nakala mbili na hakikisha ya kwako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ujumbe wa kukataliwa usiufute kwenye simu, na kama simu inasumbua, mwombe mtoto aupige picha. Ukija kwetu, njoo na simu hiyo hiyo, nakala yenye muhuri, na mtu mmoja aliyekuwepo ulipoambiwa mfumo umekataa.